Skrini Inapepesa: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Monita Nyingine

Monita inayopepesa si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ugonjwa wake uko nje ya boksi lake: plagi iliyolegea, kebo iliyochoka, umeme unaoyumba, au mpangilio mmoja ndani ya kompyuta. Kwa mtu asiyetazama kwa makini, dalili za mambo hayo yote zinafanana. Ndiyo maana mtu ananunua monita ya pili, anaichomeka kwenye soketi ileile, nayo inapepesa kama ya kwanza.

Kanuni ya kazi hii ni moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha tazama kwa dakika kumi. Ukibadilisha kebo, soketi na draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) kwa mpigo, skrini ikitulia hutajua ni nini kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya. Tutaanza na yasiyogharimu kitu na kumaliza na yale yanayohitaji kufungua monita. Tafuta tochi ya simu, kebo nyingine ya picha hata ya kuazima, bisibisi ya nyota na, ukipata, multimita (kipima volti).

Kwanza, itazame inavyopepesa

Kaa mbele yake bila kugusa kitu, uandike unachokiona na saa unayokiona. Fundi mzuri atakuuliza hayohayo.

Picha ikipotea sekunde moja au mbili kisha ikarudi, pengine na maandishi kwamba hakuna mawimbi, shuku kebo au tundu lake. Mistari mipana ikipanda au kushuka polepole kama wimbi, shuku umeme na ethi (waya wa ardhini), hasa kama unatumia kebo ya VGA, ile ya picha yenye skrubu mbili. Skrini ikififia na kung'aa huku picha yenyewe imetulia, tatizo liko kwenye taa ya nyuma au umeme unaoilisha. Ikiwaka sekunde mbili kisha ikawa giza ilhali kitaa cha pawa bado kinawaka, imulike kwa tochi kwa upande: ukiona kivuli cha madirisha ya kompyuta, picha ipo na taa ya nyuma ndiyo imezima. Mistari myembamba ya wima, yenye rangi, isiyohama mahali pake hata ukibadilisha kebo, ni ya kioo chenyewe, na hiyo mara nyingi haitengenezeki kwa gharama yenye maana.

Dalili moja inastahili kukumbukwa kuliko zote. Skrini inayopepesa asubuhi inapowashwa, kisha ikatulia baada ya dakika kumi au ishirini, inazungumzia kapasita zilizochoka ndani ya monita, yaani vikopo vidogo vya kulainisha umeme. Arusha huiona dalili hii waziwazi kati ya Juni na Agosti, asubuhi za baridi, na Moshi penye joto zaidi inaweza kujificha kwa miezi. Tutairudia mbele.

Kipimo cha sekunde tano

Kabla ya yote, gawanya tatizo mara mbili. Acha monita ikiwaka, kisha chomoa kebo ya picha kwenye kompyuta. Monita nyingi zitaonyesha ujumbe wao wenyewe kwa sekunde chache, kwamba hakuna mawimbi au uangalie kebo. Ujumbe huo hautoki kwenye kompyuta. Ukipepesa nao, tatizo ni monita au umeme wake, na hakuna draiva itakayokusaidia. Ukitulia kabisa, elekea kwenye kebo na kompyuta.

Ujumbe ukitoweka haraka mno, rudisha kebo na ubonyeze kitufe cha menyu cha monita. Menyu ikisimama imara juu ya picha inayochezacheza, monita yenyewe ni nzima.

Umeme, kuanzia ukutani

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana kwetu hapa ndipo pana mengi.

Monita nyingi za mtumba zinatoka Ulaya na waya zenye plagi ya pini mbili za mviringo, wakati soketi za ukutani kwetu ni za matundu matatu ya mstatili. Watu wengi husukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha wanashindilia plagi ya mviringo kwenye matundu mawili ya chini. Inaingia, monita inawaka, kila mtu anaridhika. Lakini pini za mviringo zinagusa shaba ya soketi kwa ncha ndogo tu ya upande. Gari zito likipita, au mtu akigusa meza kwa goti, mguso huo unakatika kwa sehemu ndogo ya sekunde na skrini inapepesa. Kila mkatiko unatoa cheche, cheche inaunguza shaba, na mguso unazidi kuwa mbaya. Juu ya hayo ethi haipo kabisa.

Chomoa plagi hiyo uitazame. Ukiona weusi kwenye pini, plastiki iliyoanza kuwa kahawia au harufu ya kuungua, umeshampata mhalifu. Nunua waya wa pawa wenye pini tatu za mstatili. Unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya kompyuta, na upande wa monita una kichwa kilekile kinachotumika kwenye kompyuta za mezani. Ndani ya plagi iwe na fyuzi ya ampia 3 au 5. Ile ya 13 itafanya kazi, ila inachelewa kukatika waya mwembamba unapopata hitilafu. Soketi iliyoungua nayo ibadilishwe na fundi umeme, la sivyo itaiharibu plagi mpya.

Baada ya hapo ondoa ekstensheni, chomeka monita moja kwa moja ukutani, ikiwezekana chumba kingine. Ikitulia, ekstensheni ndiyo mbaya, au imebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

Katika steshenari mzigo huo una jina: mashine ya fotokopi. Ndani yake kuna kipashio cha joto kinachogandisha wino kwenye karatasi, na kila kinapowaka kinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Mashine ya kulamineti na pasi zinafanya vivyo hivyo. Jaribu hivi: mtu mmoja abonyeze kitufe cha kutoa kopi, wewe tazama monita na taa ya dari. Vikififia pamoja kila mara, hakuna haja ya kuifungua monita. Hamishia fotokopi kwenye soketi yake ya ukutani, na kama nyaya za chumba ni nyembamba, mwite fundi umeme aivutie laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya swichi kuu.

Jirani naye huchangia. Maeneo yenye gereji na mafundi wa kuchomelea vyuma, kama Unga Limited pale Arusha, umeme huyumba kila mashine ya kuchomelea inapogusa chuma. Utaijua kwa mpigo wake: inapepesa, inaacha, inapepesa, mchana tu, na jioni kazi zikifungwa skrini inatulia. Kinyume chake, ikisumbua saa moja hadi saa tatu usiku, wakati kila nyumba imewasha jiko na hita, volti za mtaa ndizo zinashuka.

Ukiwa na multimita, iweke kwenye volti za AC, kipimo cha juu ya 250, na upime soketi. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Nyuma ya monita nyingi pameandikwa 100–240V, maana yake zinavumilia volti kushuka taratibu hadi 180 bila kulalamika. Kinachoziumiza ni kushuka na kupanda kwa ghafla. Kwa hiyo usisome namba mara moja na kuondoka. Tazama mita kwa dakika tano uone kama inarukaruka.

Tahadhari hii usiipite: kama taa za nyumba nzima zinafifia chumba kimoja na kung'aa kupita kawaida chumba kingine, au mita inaonyesha volti zaidi ya 260, huenda waya wa nyutro umelegea. Kwenye nyumba yenye laini tatu, volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kuu mara moja na uwapigie Tanesco dawati la dharura. Monita siyo iliyo hatarini peke yake hapo. Friji na maisha ya watu vimo ndani.

Mwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ana kipimo kingine kizuri. Iache ikiwa na chaji, monita ikiwa imechomekwa kwake, kisha chomoa UPS ukutani kwa dakika mbili. Skrini ikitulia inapokula betri, umeme wa ukutani ndio wenye kosa. Ikizidi kupepesa, ama monita ni mbovu, ama UPS yenyewe inatoa umeme wa mawimbi ya ngazi ambao monita hiyo haiupendi. Ijaribu kwenye UPS nyingine kabla ya kuihukumu. Fotokopi na printa ya leza zisichomekwe kwenye UPS ndogo kamwe.

Na stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti? Zile za bei nafuu hubadilisha volti kwa relei (swichi za ndani zinazojigeuza zenyewe), na utasikia zinagonga tik. Kila tik ni mkatiko mfupi. Kama skrini inapepesa sambamba na mlio huo, stabilaiza inayotakiwa kutibu imekuwa sehemu ya ugonjwa. Ya mota, inayopanda taratibu, haina kasoro hiyo ila ni ghali zaidi.

Kebo ya picha

Kompyuta ikiwa imewaka, shika kebo karibu na kichwa chake, itikise kidogo upande wa monita, kisha upande wa kompyuta. Picha ikishtuka, umemaliza utafiti. Badilisha kebo, kuifunga kwa selotepu ni kuahirisha tu.

VGA ina pini 15 katika safu tatu. Ukiichomoa na kukuta pini moja ya safu ya kati haipo, usishtuke: pini ya 9 huachwa makusudi kwenye kebo nyingi. Pini iliyopinda ndiyo ya kutafuta. Inyooshe polepole kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, mara moja tu, maana ikipindishwa mara tatu inakatika. Kisha kaza skrubu zake mbili kwa vidole. Watu wengi huziacha, na uzito wa kebo unavuta kichwa hadi kinainama.

Rangi nayo inasema kitu. Pini ya 1 inabeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Skrini ikipepesa huku ikigeuka njano, bluu inakatika. Ikigeuka zambarau-pinki, kijani. Ikigeuka rangi ya bahari, nyekundu.

HDMI haina skrubu, kwa hiyo inalegea kwa uzito wake. Ifunge kwenye mguu wa monita kwa kamba ya plastiki ili tundu lisibebe mzigo. Kwa picha ya 1080 kwa hezi 60 (picha kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde), kebo ya mita 5 nzuri inatosha bila shida. Kwa picha ya 4K usizidi mita 3, na iwe imethibitishwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde.

Kuna kifaa kimoja kinacholaumiwa kidogo kuliko kinavyostahili: kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Kompyuta mpya ndogo hazina VGA, monita za zamani hazina HDMI, basi kigeuzi kinawekwa katikati. Kazi yote hiyo kinaifanya kwa umeme mdogo unaotoka kwenye tundu la HDMI. Kikiguswa baada ya nusu saa na kuwa cha moto, na kupepesa kukianza wakati huohuo, tafuta chenye waya wa ziada wa USB wa kukilisha umeme. Kabla ya kununua, angalia nyuma ya monita vizuri. Nyingi zina tundu la DVI, na kebo ya HDMI kwenda DVI haihitaji kigeuzi chochote.

Mwisho, tenganisha nyaya. VGA iliyolala sambamba na waya wa pawa huonyesha mawimbi. Acha nafasi ya sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Kompyuta ikiwa ndiyo yenye kosa

Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Tazama: dirisha hilo likipepesa pamoja na vingine vyote, shuku draiva ya picha. Likitulia huku vingine vinapepesa, kuna programu inayogombana na Windows, mara nyingi iliyowekwa au kusasishwa karibuni. Iondoe.

Kwa draiva, anza na njia nyepesi: Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itakuwa nyeusi kwa muda mfupi, pengine utasikia mlio, na draiva itaanza upya bila kazi yako kupotea. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, bonyeza kitufe cha kulia kwenye alama ya Start, fungua Device Manager, panua Display adapters, bonyeza mara mbili jina la kadi, nenda Driver, chagua Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haipo. Pakua mpya kwenye tovuti ya aliyetengeneza kadi au kompyuta. Faili linaweza kufika mamia ya megabaiti, basi andaa bando. Usikubali draiva za kwenye flashi zinazozunguka mtaani. Nyingine zinakuja na virusi.

Kisha angalia hezi: Settings, System, Display, Advanced display. Monita ya kawaida ya ofisi iweke 60. Kuna anayeiweka 75 kwa sababu chaguo lipo, na kupitia VGA au kigeuzi dhaifu hiyo pekee inatosha kuifanya ipepese. Michezo ya kompyuta ikipepesa kwenye sehemu za giza tu, zima FreeSync (mpangilio wa kulinganisha kasi ya monita na ya kadi ya picha) kwenye menyu ya monita.

Inapopepesa ukiwa Chrome peke yake, ingia Settings, System, uzime matumizi ya kadi ya picha, kisha ifungue upya.

Kwa kompyuta ya mezani, vumbi la kiangazi huziba feni ya kadi ya picha na kuipasha moto. Zima, chomoa umeme, toa kadi, puliza vumbi, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike ikibana. Na hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi, si kwenye tundu la ubao mkuu lililo juu yake.

Inapepesa ukipunguza mwanga tu

Monita nyingi hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma mamia ya mara kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kichwa kinauma jioni. Zima taa za chumba, weka mwanga asilimia 20, elekeza kamera ya simu kwenye ukurasa mweupe: ukiona mistari myeusi ikitembea, ndiyo hiyo. Pandisha hadi 100 na mistari itapungua au kupotea. Huu si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Weka mwanga juu, punguza ukali wa rangi kupitia programu ya kadi ya picha.

Kapasita

Sasa tunarudi kwenye skrini inayopepesa asubuhi. Kapasita za bodi ya umeme zina kimiminika ndani. Kazi yake ni kulainisha umeme. Joto hukikausha mwaka hadi mwaka, na kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata umri wa kapasita karibu nusu. Kapasita iliyochoka hufanya vibaya zaidi ikiwa baridi. Ikipata joto inajikaza, na skrini inatulia. Ukiisubiri, muda wa kutulia utarefuka kutoka dakika mbili hadi nusu saa, mpaka siku moja haiwaki.

Kama hujawahi kuchomelea risasi kwenye bodi, ishia hapa na uipeleke kwa fundi. Si kwa kukutisha. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba volti zipatazo 325, na inaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa waya. Na kama monita ni ya zamani yenye taa za mrija, bodi ya inveta inayoilisha mirija hiyo hutoa volti zaidi ya elfu moja, na mirija ina zebaki, usiivunje.

Kwa anayeweza: chomoa, subiri dakika kumi, fungua. Kwenye miguu ya kapasita kubwa gusisha rezista ya kiloomu 10, wati 5, kwa sekunde kumi, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Pima kwa multimita ya DC. Chini ya volti 5 ndipo uendelee. Usiiunganishe miguu yake kwa bisibisi.

Tafuta kapasita ndogo zilizo karibu na vyuma vya kupoozea. Kichwa cha nzima ni bapa kama sarafu. Kilichovimba, hata kidogo tu, kiondolewe. Nyingi huwa za mikrofaradi 470 au 1000, volti 16 au 25. Nunua zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au juu kidogo, za nyuzi 105, na uombe za ukinzani mdogo, zile za bodi za kubadili umeme kwa kasi. Badilisha za upande huo zote kwa pamoja, maana zimeishi kwenye joto moja. Mstari ubavuni ni hasi. Ulinganishe na alama ya bodi kabla ya kuchomelea. Multimita ya kupima mikrofaradi isikudanganye: kapasita inaweza kusoma 980 na bado ikawa imekufa kwa ukinzani wake wa ndani.

Monita inayotumia adapta ya nje haina haja ya kufunguliwa kwanza. Pima adapta huku monita inawaka: ya volti 12 ikishuka hadi 10, badilisha. Mbadala uwe na volti zilezile, ampia zilezile au zaidi, na kichwa kinachobana bila kuchezacheza.

Ukiamua kununua ya mtumba

Kioo kikiwa ndicho kibovu, kukibadilisha kunagharimu karibu sawa na monita ya mtumba nzima. Ukienda dukani, muuzaji huwa ameshaziwasha tangu asubuhi. Mwombe akupe iliyokuwa imezima na bado ni ya baridi. Iwashe mbele yako, weka ukurasa mweupe, mwanga asilimia 100 kisha 20, tikisa kebo na plagi, subiri dakika ishirini bila kuharakishwa. Geuza nyuma usome volti, uone kama waya wa pawa una pini za hapa. Ikiwa na adapta, iunganishe na ile utakayopewa kwenda nayo, si ya dukani, na uijaribu hiyohiyo kabla hujalipa.